Matoazi Yaliyokatwa

Fundi saa huyu alikuwa na kiburi kimoja tu maishani, na kiburi chenyewe kilikaa masikioni. Kwa mengine yote alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Meza yake ya kazi ilikuwa kwenye kibaraza cha jengo la posta, kati ya mchonga mihuri na mama muuza vocha za simu, na ilikuwa na kioo mbele, droo tatu zisizofunga vizuri, na taa iliyofungwa kwa waya. Lakini mpe saa ya mkono, yoyote ile. Kabla hajaifungua ataiweka sikioni, afumbe macho kidogo, kisha akwambie inakimbia au inachelewa, na kwa sababu gani. "Hii jino lake moja limelika," atasema, au, "Hii imeonja maji." Akifungua kifuniko, mara tisa kwa kumi ni hivyo hivyo. Wapo waliomletea saa nzima isiyo na kasoro ili tu wamwone akifanya mambo yake. Alijua, na wala hakuchukia.

Masikio hayo ndiyo yaliyomtia kwenye santuri. Alipenda muziki wa aina moja tu duniani, jazi ya hadibop, ile iliyopigwa na Wamarekani weusi miaka ya hamsini na sitini: tarumbeta na saksafoni mbele zikijibizana, piano na besi nyuma, na mpiga ngoma anayewahimiza wote kana kwamba gari limeshawasha injini. Mkewe, fundi cherehani, aliuita muziki wa watu wanaogombana bila kutukanana. Ndoa yao ilikuwa na miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo neno alilomwambia mumewe mara nyingi kuliko jingine lolote ni "punguza".

Sasa, watu wanaokusanya santuri hizi wako wa namna mbili. Wapo wanaotaka ile ya kwanza kabisa, iliyotoka mwaka ule ule muziki ulipopigwa, hata kama imechubuka na inalia kama mtu anayekaanga vitunguu. Hao Fundi aliwacheka waziwazi. Yeye alikusanya matoleo yaliyosafishwa. Kampuni huingia ghalani, ikatoa utepe wa asili uliorekodiwa siku ile, fundi sauti akakaa nao wiki nzima akiuondolea uchafu wa miaka sitini, kisha ikatoka santuri mpya, nzito, yenye jalada lile lile la zamani. "Saa ikishasafishwa ndiyo inakuwa saa," alikuwa akisema. "Kabla ya hapo ni bangili."

Na alikuwa na sheria aliyoichukua kutoka mezani kwake. Fundi saa akitia springi mpya, ile ya zamani haitunzi. Kwa hiyo toleo lililosafishwa likiingia nyumbani, la zamani lilitoka siku hiyo hiyo, likaenda kwa rafiki yake muuza vitu vikuukuu, ambaye mtaa mzima ulimwita Vumbi. Vumbi ndiye aliyemwagizia mapya na ndiye aliyeyapokea yaliyochoka. Rafu ya chumbani ilichukua santuri mia mbili na kumi, na haikuwahi kukaa hata moja iliyo na nduguye.

Alipolipokea toleo jipya alilipima kwa jambo moja. Hakujali tarumbeta kwanza, wala jalada. Alisikiliza matoazi, yale masahani ya shaba ambayo mpiga ngoma huyagusa kwa ncha ya fimbo yake muda wote, chini ya kila kitu, bila kupumzika. Matoazi yakiwa hai, alisema, santuri nzima iko hai. Kwa sababu kila mkusanyaji anaijua dhambi ya mafundi sauti wavivu: wakitaka kuondoa mvumo wa utepe, wanakata sauti zote za juu kwa mkupuo, na matoazi yanakwenda na mvumo. Unabaki na muziki uliofunikwa blanketi. Fundi aliweza kuwasema watu hao kwa saa nzima bila kunywa maji.

Mwaka aliotimiza miaka hamsini na saba akaanza kukohoa. Akasingizia vumbi la barabara, akasingizia baridi, akasingizia taa. Suruali zikaanza kumvuka. Mkewe akazipunguza kiuno mara mbili kwa cherehani yake, na mara ya tatu akaweka mkasi chini, akamshika mkono kama mtoto, akampeleka hospitali. Ilikuwa kifua kikuu, na ikawa kile kibaya, kilichozoea dawa za kawaida, kinachoitwa sugu.

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, hakumficha kitu. Vidonge vingi, kwa muda mrefu. Na sindano kila asubuhi, isipokuwa Jumapili, kwa miezi minane. Kisha akaivua miwani akasema la pili.

"Mzee, sindano hii inaponya kifua, lakini inaweza kula masikio. Inaanza na sauti za juu, nyembamba. Mashine yetu ya kupimia imeharibika, tunasubiri kipuri. Kwa hiyo mpimaji ni wewe mwenyewe. Ukisikia mluzi, au kitu kinafifia, unasema siku hiyo hiyo, nabadilisha dawa. Tukiwahi, yanabaki. Tukichelewa, kilichokwenda hakirudi."

Fundi hakulala vizuri siku zile. Kifo alikuwa tayari kukipigia hesabu, kama mtu mzima yeyote. Lakini kuishi akiwa kiziwi hakukuweza kuingia kichwani mwake. Akamwambia mkewe, basi wamepata mtu wa kazi hiyo, maana katika wagonjwa wote waliokaa kwenye lile benchi, nani ana masikio kama haya? Na hapa lazima tumpe haki yake. Alisema kweli. Hakuna mgonjwa pale aliyekuwa na kipimo kizuri kuliko yeye. Ndiyo maana jambo hili linauma.

Basi maisha yakawa hivi. Asubuhi alivaa barakoa na kutembea hadi hospitali, nyuma kabisa, ambako wagonjwa wa kifua walichomwa sindano chini ya kipaa cha bati, mbali na wengine. Nesi aliyemchoma alikuwa binti mchapakazi, mwepesi wa mkono, na kila siku kabla ya kuchomoa kifuniko cha sindano aliuliza swali lile lile.

"Masikio vipi, baba?"

"Haya? Haya yatazikwa yakiwa hai, mwanangu."

Nesi akicheka, akiandika kwenye karatasi, sindano inaingia. Baadaye Fundi hurudi nyumbani kukaa chumbani peke yake, dirisha wazi, kwa amri ya daktari. Mkewe akashona upande wa pili wa ukuta. Kazi ya Fundi pale posta ilisimama. Alichobaki nacho ni santuri, na kwa bahati alikuwa ameagiza, kabla ya ugonjwa, mfululizo wa matoleo kumi na mawili kutoka kampuni moja ya ng'ambo, yaliyoletwa moja kila mwezi. Vumbi aliliacha kila moja mlangoni, akagonga, akaondoka.

Mwezi wa kwanza na wa pili yalikuja matoleo mazuri, na alikuwa na furaha ambayo mgonjwa hapaswi kuwa nayo. Ya tatu alipoiweka, akakunja uso. Akainua sindano ya mashine ya santuri, akaifuta, akairudisha. Matoazi yalikuwepo, lakini ncha yake haikuwepo. Ile "ts" ya mwanzo, fimbo inapogusa shaba, ilikuwa imenyolewa. Akaichunguza santuri kwa kioo chake cha kukuzia, akaona mifereji safi. Basi amekata, akasema. Mshenzi amekata.

Mkewe akamshauri apige ile ya zamani alinganishe. Ndivyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Lakini ya zamani ilikuwa imeshatoka, kwa mujibu wa sheria. Na ukimwambia apige santuri nyingine yoyote kwenye rafu, angekwambia kwamba kila santuri ina chumba chake na mpiga ngoma wake, na huwezi kupima saa ya huyu kwa saa ya yule. Aliachana na ushauri huo, akachukua daftari la shule la mistari, akaandika barua kwa fundi sauti wa kampuni, kwa Kiingereza chake kilichonyooka, na nakala akabaki nayo. Aliandika dakika na sekunde. Alieleza ni kipi kilichopotea na kuanzia wapi. Ilikuwa barua ya mtu anayejua kazi.

Ya nne ilikuja mbaya zaidi. Sasa hata tarumbeta ilikuwa kana kwamba imetiwa kitambaa mdomoni. Akaandika tena, kwa ukali. Asubuhi iliyofuata alimweleza nesi yote, huku ameshusha suruali nusu kwa ajili ya sindano: kwamba kuna watu wanalipwa kuharibu kazi za marehemu, kwamba matoazi yamekatwa, kwamba dunia haina aibu. Nesi akampa pole. Yeye alidhani matoazi ni kitu cha kanisani. Kisha akamwuliza masikio vipi, naye akajibu kwamba kama si masikio haya, wizi huo nani angeujua? Nesi akaandika kwenye karatasi: safi.

Mtu anaweza kukasirika akifika hapa. Wawili hao walikuwa umbali wa mkono mmoja, mmoja ana dawa na mwingine ana habari, na habari ilikuwa imeshatamkwa kwa sauti. Lakini hakuna aliyeisikia.

Vumbi ndiye aliyekaribia kumwokoa. Mwezi wa tano alileta santuri, na kwa kuwa malalamiko yalikuwa yamemfikia, hakuondoka. Alizunguka nyumba, akasimama nje ya dirisha na kofia yake mkononi, akamwambia Fundi aiweke, asikilize na yeye. Fundi akaiweka. Vumbi alisimama pale upande mzima wa santuri, dakika kama ishirini, jua likimpiga utosini.

"Mbona yapo," akasema mwishowe.

"Yako wapi?"

"Yapo, ndugu yangu. Yako wazi kabisa. Tangu nianze kukuagizia sijasikia safi kama hii. Ile yako ya zamani ninayo bado dukani, nikuletee?"

Fundi akamtazama kupitia nondo za dirisha. Katika maisha yake watu walimwambia mengi, lakini kuambiwa jambo la masikio na mtu ambaye saa yake mwenyewe ilichelewa robo saa tangu mwaka juzi, hilo halikuwahi kutokea. Alimwambia kwamba amesimama nje, kwenye makelele. Alimwambia kwamba muuzaji daima husifia bidhaa. Halafu akaongeza lile ambalo baadaye alitamani kulimeza: kwamba miaka thelathini ya kulala na vitu vya maiti imemjaza vumbi hadi kwenye ubongo. Vumbi akavaa kofia. Santuri ya sita aliileta kwa mkono wa mtu mwingine.

Kufikia hapo kulikuwa na mluzi. Ulikuwa mwembamba sana, kama uzi. Mara ya kwanza aliusikia santuri ikicheza, akauandika kwenye barua kama kosa la utepe. Kisha akausikia santuri imezimwa, akaifungua mashine yake ya kukuzia sauti na kulehemu upya nyaya tatu zisizo na hatia. Kisha akadai ni friji. Mkewe alirudi kutoka kupeleka nguo za wateja akakuta friji imechomolewa, maziwa yameganda na nyama inanuka, na mume wake amekaa kwenye kiti anausikiliza mluzi ule ule. Wakagombana siku ile kama hawajagombana miaka kumi. Alipousikia mluzi hospitalini pia, akazitazama taa ndefu za darini, akasema moyoni kwamba serikali nayo inanunua taa za ovyo.

Mambo mengine aliyapokea kama neema. Cherehani ya mkewe, iliyokuwa ikimkera kwa kelele zake, ilikuwa laini siku hizi, akamsifu kwa kuipaka mafuta. Mkewe hakuwa ameipaka. Alidhani mumewe anatafuta suluhu baada ya ule ugomvi wa maziwa, akaipokea sifa. Simu ikilia, Fundi alimwachia mkewe aende. Mkewe alipomwita chakula kiko tayari ilibidi aje mpaka mlangoni, akaona ni unyonge wa ugonjwa. Mtu aliyedhoofika hivyo, utamlaumu kwa kutoitika?

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, saa tisa mchana, mwezi wa sita unakwisha. Jirani yao, mwalimu mstaafu, alikuwa amempa mke wa Fundi saa ya kujaza kwa mkono aliyorithi kwa baba yake. Haikuwa na shida kubwa, ilisimamasimama tu, na alidhani mgonjwa atafurahi kushika kazi. Kweli alifurahi. Alinawa mikono, akatandika kitambaa cheupe kwenye kijimeza cha chumbani, akapanga bisibisi zake ndogo kwa ukubwa. Akaijaza saa. Akaiweka sikioni, akafumba macho.

"Imekufa hii," akasema.

Akaifungua kifuniko. Akaweka kioo jichoni. Ndani, gurudumu la mizani lilikuwa linazunguka huku na huku, huku na huku, kwa afya kabisa. Mkono wa sekunde ulikuwa unakwenda. Akairudisha sikioni. Kimya. Akaihamishia sikio la kushoto, na kushoto nako kukawa na mluzi tu. Mwisho akaibana kwa meno, kama alivyofundishwa zamani na fundi aliyempa kazi, akaihisi ikigonga kwenye jino, tano kwa sekunde, bila kukosea.

Aliita. Mkewe akaja na sindano mdomoni, akasimama mlangoni kama walivyoagizwa. Fundi alimnyooshea saa kwa mkono mzima.

"Sikiliza. Inalia?"

Mkewe akaiweka sikioni. "Inalia."

"Inasemaje?"

"Inasema tik tik, itasemaje tena?"

Fundi aligeuka taratibu, akaitazama rafu, akaanza na mwisho wa kulia, santuri sita mpya zilizosimama pamoja na majalada yao yanayong'aa. Alizitazama muda mrefu. Mkewe alikuja kusema baadaye kwamba alidhani anataka kuanguka.

"Si wao," akasema.

"Si akina nani?"

"Waliokata. Si wao."

Daktari aliwapokea Jumatatu, asubuhi kabla hata hajavaa koti. Mashine bado ilikuwa mbovu, kipuri bado kilikuwa njiani. Alisimama nyuma ya Fundi akasugua vidole karibu na sikio, akanong'ona maneno, akagonga uma wa chuma wa kupimia sauti na kuuweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Mkewe, aliyekaa kwenye kiti cha kando, alisikia kila kitu. Akamwona mume wake amekaa wima kama mwanafunzi, anasubiri mtihani uanze, na mtihani umeshapita.

Daktari akarudi mbele, akakaa, akauliza ilianza lini. Fundi akasema hajui. Hapo ndipo mkewe alipofungua mkoba. Alikuwa amelichukua lile daftari bila kuulizwa, na bila kujua hasa kwa nini. Akaliweka mezani.

Daktari alisoma ukurasa wa kwanza kwa haraka, kama mtu anayedhani amepewa kitu kisicho chake. Kisha akaurudia polepole. Kisha akasoma hadi mwisho, kidole kikifuata mistari. Mwezi wa tatu: ncha ya matoazi imenyolewa. Wa nne: matoazi yenyewe yamebaki kivuli, tarumbeta ina kitambaa. Wa tano: kuna mluzi mwembamba, wa kudumu, zaidi upande wa kulia kuliko kushoto. Wa sita: saksafoni inapigwa chumba cha pili, mpiga ngoma ana fimbo za sufu. Kulikuwa na tarehe. Kulikuwa na dakika na sekunde. Nje ya mlango nesi alisimama na faili lenye karatasi mia moja na kitu zilizoandikwa safi, safi, safi.

"Mzee," daktari akasema, na alisema kwa sauti kubwa ili asikike, kwa hiyo hata waliokuwa benchini walisikia, "miaka ishirini na mbili nafanya kazi hii. Sijawahi kuandikiwa ugonjwa vizuri namna hii na mgonjwa yeyote. Barua ya kwanza peke yake ingetosha. Kwa nini hukuniletea mimi?"

Fundi alitazama mikono yake. Aseme kwamba alikuwa na hakika? Kila mtu ana hakika. Yeye alikuwa na hakika na sababu, na sababu zake zilikuwa nzuri, na mafundi wavivu kweli wapo duniani na kweli wanakata. Nesi akaingia, akataka kusema kitu kuhusu siku ile ya matoazi, akashindwa. Akalia. Fundi ndiye aliyembembeleza, akimwita mwanangu.

Sindano ikasimamishwa siku ile ile, akaandikiwa vidonge vingine. Daktari alionya kwamba sumu ya dawa hukaa ndani ya sikio hata baada ya kuacha, na huenda masikio yakaendelea kushuka kwa muda. Yakaendelea. Kwanza alipoteza vipande vya maneno, akawa anasikia irabu tu, watu wakizungumza kama wanaimbiana. Kisha akapoteza sauti za wanawake. Sauti ya mke wake mwenyewe ilimtoka ndani ya wiki moja, kidogo kidogo, na alijua inatoka, na siku zile alikuwa akimwomba aseme chochote, hata kusoma karatasi ya vipimo vya nguo: kiuno thelathini na nne, bega kumi na saba. Kifua kikapona. Makohozi yalipimwa mara tatu yakaonekana safi. Daktari aliyatangaza hayo kwa kuandika kwenye karatasi, na Fundi akashukuru kwa adabu.

Vumbi alikuja bila kuitwa. Alileta kifurushi cha santuri tano za zamani ambazo hakuwa ameziuza, zile zilizotolewa nyumbani kwa sheria, akidhani labda zile zilizozoeleka zitasikika vyema. Fundi alimwomba radhi kwa lile alilosema dirishani, akaisema radhi hiyo kwa sauti kubwa mno, kwa kuwa hakuweza tena kuipima. Vumbi akamkumbatia. Lakini kifurushi Fundi alikirudisha. Alisema apewe mtu mwenye matumizi nacho.

Posta alirudi, akafanya kazi kwa macho. Saa nyingi zinatengenezeka kwa macho. Mama wa vocha alimwandikia shida za wateja kwenye vipande vya karatasi, na wale waliozoea kumwona akifumba macho walikoma kuja.

Toleo la kumi na mbili lilifika likakaa wiki tatu mezani ndani ya karatasi yake. Mkewe ndiye aliyelifungua, Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Hakuwahi kuigusa mashine ile tangu waoane. Aliishika santuri kwa ncha za vidole kama alivyomwona akifanya, akashusha sindano, ikakwaruza, akashusha tena. Sauti akaipandisha mpaka mwisho. Jirani akafungua dirisha, akaona ni nani, akalifunga. Fundi alikaa kwenye kiti chake, viganja juu ya magoti. Besi ilimfikia kupitia sakafu. Akamwuliza kama matoazi yapo.

Mkewe akamsogelea, akamwekea mdomo kwenye sikio la kushoto. "Yapo," akasema. Akaona haitoshi. "Kama mtu anapepeta mchele. Hachoki. Anapepeta tu."

Alielewa au hakuelewa, aliitikia kwa kichwa. Alifumba macho. Muziki huu aliujua tangu ujana wake, kila mzunguko, kila pumzi, na mguu wake ukaanza kuhesabu. Mkewe akakaa kitandani akausikiliza wote, yule aliyesema "punguza" kwa miaka ishirini na sita. Tarumbeta ikamaliza yake, saksafoni ikamaliza yake, ngoma zikafunga kazi. Akainuka akaushika mkono wa mashine, akauinua. Chumba kikanyamaza.

Mguu wa Fundi uliendelea. Ulikuwa ndani ya mapigo, sawasawa kabisa, na macho yamefumba, na uso wake ulikuwa ule wa zamani. Akainua kidole kimoja, kama alivyozoea kufanya akimwonyesha mtu mahali pazuri.

"Sikiliza hapa," akasema. "Sikiliza sasa anavyoingia."

Mkewe alisimama na ule mkono wa mashine kwenye vidole vyake, hajui aurudishe wapi.

"Nasikia," akasema.